Mpira Mmoja Uliobaki Mwadui

Siku ya Sabasaba nchi nzima huenda kwenye maonyesho kutazama matrekta na majiko yasiyotoa moshi. Maganzo, pale karibu na geti la mgodi wa Mwadui, watu huenda kwa Bibi Limi kutazama mpira.

Ni mpira wa kriketi. Unaning'inia sebuleni ndani ya kikapu kidogo cha katani, kati ya picha ya harusi na kalenda ya jimbo. Zamani ulikuwa mwekundu wa kung'aa. Siku hizi una rangi ya ini lililokaangwa, maana kila mwaka, mkesha wa Sabasaba, Bibi Limi huushusha na kuupaka samli ya ng'ombe taratibu, kama anamwandaa mtoto wa kubatizwa. Mbwa wa nyumba hiyo, aitwaye Tutaonana, hulala mlangoni mwaka mzima akiutazama kwa jicho moja.

Siku yenyewe ikifika unapikwa wali, zinapikwa nyama za kuku wa kienyeji, inachemshwa michembe ya viazi vilivyokaushwa na kuungwa kwa karanga. Lakini hakuna mkono unaoingia kwenye sahani kabla kisa cha mpira hakijasimuliwa chote, tangu mwanzo hadi mwisho, na Bibi Limi si mtu wa kufupisha. Anayeonja kabla ya wakati hupewa shingo ya kuku na asipewe kingine. Mwaka mmoja padri mgeni, ambaye hakuwa ameelezwa, alichukua punje chache tu za wali. Alikula shingo, akashukuru, akaondoka.

Kisa chenyewe ni hiki.

Sabasaba ya mwaka sabini na nne ilikuwa Jumapili. Mle ndani ya Mwadui kulikuwa na uwanja wa kriketi wenye majani mabichi hata kiangazi, ng'ombe wa Maganzo wakiuona kupitia kwenye waya wakitokwa na udenda. Siku hiyo timu ya Mwadui ilicheza na timu ya Shinyanga mjini, na geti likafunguliwa ili watu wa nje waingie kutazama. Limi, binti wa Mzee Ndaki mfugaji, aliingia na ungo wa karanga za kuuza. Alikuwa na miaka kumi na minane na shingo ndefu, na karanga zilikuwa kisingizio. Alikwenda kumtazama Jilala, fundi wa gereji ya mgodi, ambaye siku hiyo alivaa nyeupe tupu na kuonekana kama mtu aliyekwisha kuokoka.

Sasa, watu wa Maganzo walikuwa hawajawahi kuiona kriketi, lakini hawakuona sababu ya kuelezwa. Makundi mawili, mavazi rasmi, mashindano baada ya mavuno: hiyo ni mbina. Msukuma anaijua mbina tangu mgongoni kwa mama yake. Ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja, Bagika huku na Bagalu kule, na refa hayupo. Refa ni watazamaji, na kura yao ni miguu. Ngoma iliyovuta watu ndiyo iliyoshinda. Anayebaki akicheza mbele ya vumbi na mbwa ameshindwa, hata kama amecheza na chatu shingoni. Na ngoma ikikolea, mchezaji akimrushia kitu msichana kwenye umati, kitambaa au kofia yenye manyoya, msichana huyo hakirudishi. Anakwenda nacho nyumbani na wazazi wanaanza kusafisha zizi la ng'ombe wa mahari.

Kwa hiyo watu walitazama kriketi hivyo hivyo. Jilala akirusha mpira vizuri, umati wote unahamia upande wake. Mpigaji wa Shinyanga akiupiga, umati unarudi upande wa pili. Ule mstari wa majivu uliochorwa kuzunguka uwanja ulikanyagwa ukapotea kabla ya saa ya chai.

Jioni ikabaki rusha moja tu. Shinyanga walihitaji mbio mbili kushinda, yaani mpigaji avuke mara mbili kati ya vijiti vya huku na vya kule. Mpigaji wao alikuwa Nasibu, kijana wa Kizaramo aliyekuwa dereva wa lori mjini, mtu wa mikogo aliyechana nywele katikati. Jilala akaja mbio, akazungusha mkono, akautupa mpira. Nasibu akaupiga kwa ubao wake. Mpira ukapaa juu sana, ukasita kidogo kama unaotafuta nyumba, ukashuka moja kwa moja ndani ya ungo wa Limi. Karanga zikaruka kila upande.

Limi aliutazama. Akamtazama Jilala, ambaye alikuwa amesimama katikati ya uwanja mikono kichwani, macho kwake. Basi akaelewa. Akaufunga mpira kwenye pindo la khanga, akaweka ungo kichwani, akatoka getini kwenda kwao bila kugeuka nyuma, kama inavyompasa msichana mwenye adabu. Umati, ulipoona namna hiyo, ukamfuata wote kwa vigelegele.

Kule uwanjani refa wa Kizungu alikuwa akisema kwamba kwa kuwa mstari umefutika, hajui kama yule msichana alisimama nje, ambako Shinyanga wangekuwa wameshinda, au ndani, na kwa hiyo rusha ile irudiwe. Ila mpira haukuwepo. Mipira mingine ilikuwa stoo, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda Mwanza kumzika shemeji yake. Jua likazama. Refa akafunga vijiti vyake kwa kamba akapanda gari, na mechi ikabaki hivyo, inadaiwa mpira mmoja.

Kesho yake asubuhi Jilala alifika kwa Mzee Ndaki.

"Umefuata nini?" mzee akamuuliza.

"Nimefuata mpira, shikamoo."

"Marahaba. Mpira umelala kwangu. Kitu kikiingia nyumba hii na binti yangu, hakitoki mpaka ng'ombe waingie."

Jilala akajaribu kueleza kwamba kuna makosa, kwamba mpira ule hakuupeleka yeye, ulipigwa na mtu mmoja wa Shinyanga aitwaye Nasibu.

"Vizuri," akasema Mzee Ndaki. "Mwambie Nasibu alete ng'ombe."

Jilala alimtazama Limi, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni kwa utulivu mkubwa. Akamfikiria Nasibu na ile njia yake ya nywele akiingia katika boma lile na fimbo ya uchumba.

"Nilirusha mimi," akasema.

Wakaoana baada ya mavuno yaliyofuata.

Hicho ndicho kisa, na kinapofika hapo watu hushukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana", na kuvuta sahani. Wengine hujaribu kumwuliza Bibi Limi kama hakujua, hata baadaye, kwamba mpira ulipigwa na Nasibu. Yeye huwajibu kwa upole. "Mimi nilimwona Jilala akija mbio na kunirushia mpira. Kama njiani uligongana na ubao wa mtu, hiyo ni ajali ya barabarani."

Nasibu naye alibaki Shinyanga, akaoa, akazaa, akazeeka. Kila Sabasaba yeye huja Maganzo asubuhi na mapema kwa sababu ndiye Mwislamu wao, na kuku ni lazima wachinjwe naye ili kila mtu ale. Tena Wazaramo na Wasukuma ni watani, kwa hiyo hakuna mwaka aliowahi kuingia uani kimya.

"Hodi kwa mke wangu."

"Mke wako yuko Kisarawe anakuna nazi," Limi humjibu kutoka jikoni. "Karibu, Mzaramo, kisu kiko dirishani."

"Kwa sheria ya kriketi wewe ni wangu. Jilala alirusha akakosa. Mimi ndiye niliyekufikia."

Naye Jilala, enzi za uhai wake, alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Jilala alipofariki, Limi alimwekea msalaba wa saruji, na juu ya msalaba fundi aliandika kwa rangi nyeusi maneno aliyoambiwa na mjane: JILALA. ALIISHINDA SHINYANGA. Nasibu alifika mazikoni akilia sana, mtu mzima anashikiliwa mikono miwili. Alipofika karibu na kaburi akasoma msalaba. Akaacha kulia palepale, akasimama wima.

"Maneno haya ni ya nani?" akauliza.

"Watu waliufuata mpira wa nani siku ile?" Limi akamjibu huku akijifuta machozi. "Uwanja ulibaki na nani?"

Kaburini si mahali pa kubishania. Lakini toka hapo, kila mwaka Nasibu akimaliza kuchinja kuku alikwenda kusimama mbele ya ule msalaba, akatikisa kichwa, akarudi kula kwa hasira, sahani mbili.

Mwaka wa hamsini wa mpira ulipokaribia, Nasibu hakusubiri Sabasaba. Alikuja majuma kadhaa kabla, juu ya bodaboda, na nyuma yake amekaa kijana mrefu, magoti yakigusa masikio. Ndiye Mwalimu Donatus, anayewafundisha wasichana wa sekondari kriketi.

"Shikamoo, bibi," akasema Donatus.

"Marahaba, mwalimu. Karibuni. Mzaramo, umewahi mno, kuku bado wana manyoya."

Nasibu hakutania. Alitoa kwenye mfuko wa plastiki kopo la rangi nyeusi na brashi mpya, akaviweka juu ya meza.

"Mama Vumilia," akasema, na kuitwa na Nasibu kwa jina la bintiye kulimshtua Limi kuliko lile kopo, "mimi ni mzee. Goti limekufa, jicho linakufa. Sitaki kuzikwa nikiwa nimeshindwa mechi ambayo haijaisha. Ulibaki mpira mmoja. Tuurushe. Nikipata mbio mbili, ule msalaba ufutwe uandikwe upya. Nimekwisha nunua rangi."

Mwalimu Donatus akaongeza kwamba wasichana wake watacheza nafasi za waliofariki, yaani karibu timu zote mbili, na kwamba kumalizika kwa mechi baada ya miaka hamsini ni jambo ambalo hata nchi zenye kriketi yao zingelionea wivu.

Limi alitazama mpira kwenye kikapu. Akikataa, Maganzo nzima itasema anaogopa. Akikubali na Nasibu akapata mbio zake mbili, Jilala atakuwa ameshindwa akiwa amelala, bila hata nafasi ya kukohoa. Moyo ulimwambia akatae. Kiburi kikawahi kufika mdomoni.

"Na atakayerusha ni nani, Jilala akiwa hayupo?"

"Bibi, nina msichana mmoja, mkono wake—"

"Nitarusha mimi," akasema Limi.

Bodaboda aliyekuwa akisubiri nje alizima pikipiki ili asikie vizuri.

Mazoezi yalifanyika uani. Vumilia, binti yake, ambaye anauza chakula kwa wachimbaji kule Segese, alipopata habari alifunga banda lake akaja kumzuia mama. Akamkuta amejifunga khanga kiunoni, ameegemeza michi mitatu ukutani badala ya vijiti, anairushia viazi. Mpira wenyewe haukuruhusiwa kutumika kabla ya siku.

"Mama, una umri gani?"

"Wa kutosha. Sogea, umesimama mbele ya mchi."

"Mkono usikunje, bibi," Mwalimu Donatus akasema. "Ukikunja kiwiko ni kosa."

"Nimewatupia ndege mawe kwenye mtama tangu sijaota meno ya ukubwa, na hakuna ndege aliyewahi kulalamikia kiwiko changu."

Akatupa. Kiazi kikapita juu ya michi, juu ya ukuta, kikatua kwa jirani. Kuku akapiga kelele. Tutaonana akaruka ukuta, akakirudisha kiazi mdomoni, akakiweka miguuni pa Limi na kusubiri. Hilo ndilo lililokuwa zoezi lao kila jioni, mama na mbwa, mpaka wapita njia wakazoea kuinama wakifika usawa wa nyumba ile.

Vumilia alikaa kwenye kigoda akashika tama. "Sisi kule Segese tukichimba tukaona hakuna mbale yenye dhahabu, ni mawe matupu, tunapanda juu tunafunga shimo. Mama, hapa hakuna mbale."

"Kaa ukate vitunguu," akasema mama yake.

Kwa kuwa Sabasaba ya mwaka huo nayo iliangukia Jumapili, watu walitoka misani moja kwa moja kwenda uwanja wa shule. Ilikuwa kama siku ya mbina. Wenye ngoma walikuja nazo. Upande wa mashariki walikaa wa Maganzo, upande wa magharibi wale waliotoka Shinyanga na Nasibu kwenye basi dogo la kukodi, na katikati walizurura wale wasio na msimamo, wakisubiri kuona ngoma itakayokolea. Nyumba ya Bibi Limi iko ng'ambo ya barabara tu, na masufuria yalikuwa motoni tangu alfajiri, Vumilia akisimamia. Kuku walikuwa wamechinjwa na Nasibu mwenyewe, kimya kimya, bila utani hata mmoja. Limi hakuupenda ukimya ule.

Refa alichaguliwa Thobias, katekista mstaafu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo, ingawa wengi waliwahi kutamani aseme. Mwalimu Donatus alimfundisha sheria wiki nzima. Alizishika kama alivyozishika amri za Mungu, yaani kwa mpangilio.

Taabu ilianza Nasibu alipoingia uwanjani. Alikuwa amevaa nyeupe, suruali ile ile ya zamani, iliyofungwa kiunoni kwa mkanda na matumaini. Upepo ukavuma kutoka kwake kuelekea mashariki, na Maganzo wote wakakunja pua.

"Ana dawa," mtu akasema.

"Mzaramo amekuja na dawa. Nusa."

"Refa, mkague. Mbinani dawa inatangazwa."

Thobias akaenda akainama mbele ya Nasibu, akanusa goti la kulia, akanusa la kushoto, akarudia la kulia.

"Ni dawa ya kuchua," akatangaza.

"Kwa hiyo ni dawa."

"Ni ya duka la dawa baridi," akasema Nasibu. "Goti limevimba. Mnataka niingie nikiwa kilema?"

"Basi na sisi tuna samli," akasema Limi, na umati ukakubali kwamba hapo wamelingana.

Maana mpira alikuwa amekwisha kuupaka. Mkesha wa Sabasaba alifanya kama kila mwaka, na safari hii kwa wasiwasi alipaka mara mbili. Sasa aliposimama pale, mpira ulimteleza mkononi kama kambare. Akaufuta kwa khanga. Khanga ikalowa, mpira haukukauka. Tutaonana, aliyekuwa amekatazwa kuja, alitokea kati ya miguu ya watu akaketi.

"Uko tayari, Mzaramo?"

"Nina miaka hamsini niko tayari."

Limi akaja mbio. Tuseme alikuja, kwa mwendo wa mtu aliyesikia maziwa yanachemka. Akazungusha mkono bila kukunja, Mwalimu Donatus akafumba macho, na mpira ukamponyoka juu kabisa ya kichwa. Ukapanda. Ukashuka. Ukadunda mara moja kwa kishindo kidogo, kisha ukaanza kubingirika kuelekea kwa Nasibu polepole sana, ukiacha michirizi ya samli kwenye vumbi.

Nasibu alikuwa amekwisha kuzungusha ubao wake zamani. Alizunguka nao, akakaribia kuanguka, akajirudisha, na alipotazama chini mpira ulikuwa bado njiani. Akawa na wakati wa kupumua. Akawa na wakati wa kurekebisha mkanda. Mpira ulipomfikia akausukuma, nao ukapita pembeni, ukapita kati ya wasichana wawili ambao kila mmoja alidhani ni wa mwenzake.

"Kimbia," wakapaza sauti watu wa magharibi, na wasio na msimamo wakaanza kuhamia kwao.

Nasibu alikimbia. Alifika upande wa pili, akagusa ardhi kwa ubao. Mbio moja, sare. Akageuka kutafuta ya pili. Huko nyuma wasichana walikuwa wakiufukuza mpira, lakini Tutaonana aliwapita wote. Harufu aliyoinusa mwaka mzima mlangoni hatimaye ilikuwa chini, inabingirika, haina kikapu. Akaudaka. Kwa sekunde moja kila mtu aliamini ataumeza. Lakini mazoezi ni mazoezi. Akageuka, akaja mbio mpaka kwa Limi, akauweka miguuni pake, akakaa kusubiri kiazi kingine.

"Refa, mbwa si mchezaji," akalalamika mtu wa magharibi.

Thobias alipitia sheria zote kichwani kwa mpangilio. "Mbwa hajatajwa," akasema. "Ni kama jiwe. Mchezo unaendelea."

Na hapo Nasibu akasimama. Hakutaka kusimama. Goti lilijifunga katikati ya njia, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, naye akabaki hivyo kama sanamu ya mtu anayevuka mto.

Limi alikuwa na mpira mkononi. Vijiti vitatu vilikuwa mbele yake, karibu kuliko michi ya uani.

"Viangushe, bibi," akasema Mwalimu Donatus kwa sauti ya chini. "Viguse tu. Mechi imekwisha."

"Nikiviangusha, nani kashinda?"

"Hakuna. Ni sare."

"Nisipoviangusha?"

"Akifika, Shinyanga wameshinda."

Limi akafikiri. Msalaba haukuandikwa ALITOKA SARE NA SHINYANGA. Hata nafasi ya maneno hayo haipo, fundi angelazimika kuzunguka nyuma. Akamtazama Nasibu. Nasibu naye alikuwa akimtazama, jasho linamtiririka, anajisukuma mbele kwa kidole gumba cha mguu, kidogo kidogo. Mzee wa watu alikuwa ametoka Shinyanga na kopo la rangi. Na akifika, au vijiti vikianguka, mwakani atakuja kufanya nini Maganzo? Kuchinja kuku halafu aseme nini?

Upepo ukageuka. Ukaja sasa kutoka ng'ambo ya barabara, kutoka nyumbani kwake, na ukaja na kuku, wali, na michembe iliyoungwa kwa karanga. Umati wote, mashariki na magharibi, ukainua pua kwa pamoja.

Bibi Limi akaufunga mpira kwenye pindo la khanga.

"Vumilia amezoea jiko la gesi," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Wali wangu utaungua."

Akatoka uwanjani. Hakugeuka nyuma. Tutaonana akamfuata. Halafu akafuata jirani aliyepigiwa kuku wake kiazi, wakafuata wenye ngoma wakizipiga, wakafuata wasio na msimamo, ambao sasa walikuwa wameupata. Watu wa Shinyanga walitazamana kidogo. Wametoka alfajiri, hawajala. Wakafuata. Wasichana wakafuata. Thobias alisimama peke yake kati ya vijiti, akajiuliza kama kuna sheria inayomzuia, akaona haipo, akafuata.

Uwanja ulibaki na Nasibu, vumbi, na mbwa mmoja asiyejulikana ni wa nani.

"Limi," akaita. "Amekimbia na mpira. Amekimbia nao tena. Donatus, umeona? Nani kashinda?"

Mwalimu Donatus, aliyerudi kumchukua, alitazama uwanja mtupu, akatazama umati unaomiminika uani kwa Bibi Limi. Alikulia Ushetu, kwenye mashamba ya tumbaku, na kwao pia mbina huchezwa.

"Mzee wangu," akasema, "angalia watu wako wapi."

Walimleta Nasibu akiwa amebebwa kwenye kiti cha darasani, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, wakamweka mahali pa heshima karibu na masufuria. Mbele yake paja la kuku lilikuwa linatoa moshi. Akanyoosha mkono.

"Kisa bado, Mzaramo," akasema Limi.

"Kisa nakijua. Nilikuwepo."

"Cha zamani unakijua. Mwaka huu kimeongezeka."

"Kimeongezeka kiasi gani?"

"Kuna mbwa. Kuna goti. Kuna refa ananusa."

Nasibu akatazama paja, akatazama kopo lake la rangi ambalo bado lilikuwa juu ya meza pale alipoliacha. "Nibaki na hii rangi niifanyie nini sasa?"

"Usiirudishe dukani. Mvua za mwaka jana zimezififisha herufi za Jilala. Mwakani uje mapema, kwanza uchinje, halafu tumalize ule mpira. Ukishinda ufute, ukishindwa ukoze."

Nasibu alilitazama tena lile kopo, na wote wakamsubiri, maana hakuna aliyeruhusiwa kula.

"Mwakani usiupake samli, mke wangu," akasema mwishowe, na akachukua punje ya wali.

Akapewa shingo.